Oddlaug na Kisiwa Kilichosema Kitamudu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, giza limekaa juu ya kisiwa cha Rossøya na halina haraka ya kuondoka. Kwenye daraja la kupandia kivuko, Oddlaug Skjelvik amepiga magoti anamwaga chumvi. Barafu ya usiku imeng'ang'ania mbao. Anaichota chumvi konzi kwa konzi, anaitupa kama mtu anayelisha kuku, kisha anasugua kwa kisigino cha buti mpaka asikie mbao chini yake.

"Mtu akiteleza hapa, wa kulaumiwa ni mimi," anasema bila kuinua kichwa.

Ana miaka hamsini na saba, mabega mapana, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Ndiye baharia pekee wa kivuko hiki. Anafunga kamba, anakata tiketi, anachemsha kahawa, anadeki, na akina mama wakipanda na watoto wenye mafua ndiye anayepangusa pua. Nahodha ni Gudmund, mdogo wa marehemu mumewe, na muda wote hana kazi kubwa kama kumtania shemeji yake.

Abiria wanafika mmoja mmoja, kofia zimefunika masikio. Watu wa Rossøya hawana salamu ndefu asubuhi. Mtu anainua kidevu, mwenzake anainua chake, imetosha. Wapo mafundi wa kiwanda cha meli, walimu, muuza duka la dawa, na kijana anayejifunza useremala. Wote wanakwenda Vikane, mji ulio ng'ambo, ambako ndiko kwenye kazi.

Wa mwisho kupanda ni muuguzi wa hospitali ya Vikane, Ragnfrid, binti pekee wa Oddlaug. Mama anamnyooshea mkono kumvusha darajani, kama anavyomfanyia kila mtu. Binti anashika chuma badala ya mkono, anapita, anakwenda kuketi nyuma kabisa.

Oddlaug anaangalia kiganja chake kitupu, anakifuta kwenye koti, anakwenda kufungua kamba.

Kivuko hiki kina viti sitini na kiliitwa cha majaribio tangu siku ya kwanza. Serikali ya jimbo ilikileta miaka miwili iliyopita, ikasema tutaona. Kabla yake, mtu wa Rossøya mwenye kazi Vikane alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kuzunguka: uendeshe gari hadi ncha ya kaskazini, upande feri ya magari mpaka kisiwa cha jirani, kisha usubiri basi. Ni saa mbili na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Ya pili ni kuwasha mashua yako na kuvuka mlangobahari mwenyewe, kiangazi na kipupwe.

Wengi walichagua mashua. Walikuwa wanavuka gizani Januari, upepo wa kaskazini-magharibi ukiwapiga ubavuni, na kwenye begi wamebeba mkate wenye jibini ya kahawia kana kwamba wanakwenda matembezi. Ukiwauliza kama si hatari, walikushangaa. Watu wa huku ni watu wa kujikaza kisabuni, na wanajikaza hata pale ambapo hakuna anayewatazama.

Torleiv, mumewe Oddlaug, alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa kuchomelea kiwandani. Asubuhi moja ya Februari, miaka tisa imepita sasa, bahari ilikuwa mbaya. Gudmund alimwambia asubiri kuche. Torleiv alikuwa ameshafungua kamba. "Itakwenda tu," alisema, na akaenda.

Ni Gudmund huyo huyo aliyeikuta mashua. Ilikuwa karibu na mnara wa taa, injini inawaka, inajizungukia yenyewe. Chupa ya kahawa ilikuwa bado wima kwenye benchi. Torleiv alipatikana siku kadhaa baadaye, upande wa pili wa mlangobahari.

"Mashua ilirudi bila mkwaruzo," anasema Oddlaug. "Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi. Ilirudi nzuri kabisa."

Basi mtu anaweza kuelewa kwa nini kivuko kilipokuja, Oddlaug alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Na anaweza kuelewa kwa nini, jimbo lilipotangaza kwamba litaamua kama kivuko kiwe cha kudumu, kisiwa kizima kilikiunga mkono. Ni watu mia tatu na arobaini tu, lakini walikuwa na sauti moja. Kukiendesha kunagharimu kroni milioni kumi na moja kwa mwaka, na jimbo lilitaka kujua kama wananchi watakubali kuongezewa tozo juu ya kodi ya majengo ili kusaidia.

Wananchi walikubali. Na hapo ndipo walipoharibu kila kitu.

Ilikuwa Oktoba, katika jumba la mikutano la kisiwa. Madiwani watatu wa jimbo walivuka kuja kuwasikiliza, pamoja na ofisa wa usafiri, Silje Brattland. Ukumbi ulifurika. Kulikuwa na keki za aina saba, maana huku mgeni wa serikali asipokula keki watu hawalali. Oddlaug alikuwa anazunguka na birika la kahawa.

Diwani mmoja aliomba wanaounga mkono kivuko cha kudumu, pamoja na tozo yake, wainue mikono. Mikono yote ilipanda. Walikuwapo ndugu wawili ambao hawajazungumza tangu walipogombania malisho ya kondoo, nao waliinua, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni kuona kama kweli wamekubaliana jambo. Wale waliohudhuria wanasema walijisikia vizuri sana. Baadhi walipiga makofi, na kupiga makofi Rossøya si jambo dogo.

Kisha diwani yule akauliza swali jingine, kwa upole tu, akikoroga kahawa yake. Alitaka kujua, kivuko kikikosekana, itakuwaje. Wataweza kufika kazini?

 Mtu yeyote anayekifahamu kisiwa hiki angeweza kumwambia diwani kwamba hilo si swali la kuwauliza watu hawa hadharani. Kusimama mbele ya majirani useme umeshindwa jambo, Rossøya, ni kama kuvua nguo sokoni. Nyumba ikiungua, mwenyewe atakwambia haikuwa kubwa sana. Mguu ukivunjika, atakwambia ana mwingine.

Aliyejibu ni mzee Asbjørn Kleppe, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Alijikohoza kidogo.

"Tutamudu," alisema.

Vichwa vikatikisika kukubali, ukumbi mzima. Tutamudu, ndiyo, siku zote tumemudu. Diwani akageuka, akamwona Oddlaug amesimama karibu yake na birika. Alijua kwamba yeye ni baharia wa kivuko, na pengine alitaka kumheshimu kwa kumuuliza. Akasema, na wewe mama?

"Nami nitamudu," alijibu Oddlaug, akamwongezea kahawa.

 Akifika hapo katika kusimulia, Oddlaug anatazama nje ya dirisha la kivuko, ambako hakuna cha kutazama ila giza na taa za Vikane kwa mbali.

"Neno lile halikupita hata kichwani," anasema. "Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema asante."

Novemba rasimu ya bajeti ya jimbo ikatoka. Kivuko cha Rossøya hakimo. Hoja ilikuwa fupi: fedha hazitoshi, zitakwenda kwanza kwa visiwa ambavyo vingekwama, na wakazi wa Rossøya wenyewe wamesema watamudu. Safari ya mwisho ni siku ya kufunga mwaka. Imebaki kura ya baraza zima, Jumanne ijayo, na kabla ya kura mwananchi anaruhusiwa kusimama na kusema neno.

Silje Brattland, ofisa wa usafiri, hana kiburi cha ofisi na wala hajifichi. Alipopigiwa simu alijibu moja kwa moja.

"Nilikaa pale nikiomba mtu mmoja tu aseme hapana," alisema. "Kisiwa cha jirani walisimama, walilia, mama mmoja alitupa kofia. Wao wamepata. Rossøya walitulisha keki. Mimi siwezi kuwasemea jambo ambalo wamelikana wenyewe."

Kivuko kinagusa gati la Vikane. Oddlaug anaruka na kamba, anaizungusha kwenye nguzo mara mbili, anashusha daraja. Watu wanashuka wakiwa wameinua videvu. Ragnfrid anapita tena bila kushika mkono.

"Jioni?" mama anamuuliza.

"Nina zamu mbili leo, mpaka saa tatu usiku," anajibu, na anakwenda zake.

Mambo yao yaliharibika wiki mbili zilizopita, kwenye banda la mashua. Oddlaug alikuwa anapita akaona taa ndani. Banda hilo halijawashwa taa tangu Torleiv azikwe. Aliingia akamkuta binti yake amepiga magoti kwenye sakafu ya zege, mkononi ana kipande cha msasa, anaisugua mashua ya baba yake. Upande mmoja alikuwa ameshaumaliza. Kopo la rangi lilikuwa wazi kando yake.

"Hiyo unaifanyia nini?" Oddlaug aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Ya kwenda kazini. Januari nitavuka na nini, mama, na ungo?"

Oddlaug anasema alishika ubao wa mlango. Alimwambia kuna ile njia ya kuzunguka. Ragnfrid akamwambia zamu ya asubuhi inaanza saa moja, basi la kwanza linafika saa mbili na nusu, na hata kama lingewahi, mtoto wake wa miaka minne angeachwa na nani kuanzia saa kumi za usiku. Alimwambia basi ahamie Vikane. Ragnfrid akamuuliza kama yeye aliwahi kuhama. Ndipo Oddlaug akamtaja baba yake.

"Namjua baba," alisema binti, na hakuacha kusugua. "Nitamudu. Si ndivyo ulivyowaambia? Tena umeshika birika."

Tangu siku hiyo wanazungumza habari za zamu na za mtoto tu. Oddlaug anasema haogopi kukosa kazi, na hapendi hata hilo litajwe. Ni kweli kwamba kivuko kikiondoka kibarua chake kinaondoka nacho, na kwa umri wake Vikane hakuna anayemngoja. Lakini akienda mbele ya baraza hataki waone ni mama analilia mshahara. Anachokiona akifumba macho ni mashua iliyopakwa rangi mpya, inazunguka.

Safari ya kurudi Rossøya haina abiria. Gudmund ameshika usukani, Oddlaug ameketi kwenye kiti cha pembeni na vikombe viwili.

"Shemeji, kahawa hii umechemshia soksi?" Gudmund anauliza.

"Zako. Ndiyo maana imekuwa nzito."

Gudmund anacheka peke yake, kisha anakumbuka kazi waliyonayo. Wameamua wote wawili watakwenda Jumanne, na tangu juzi wanafanya mazoezi kila wanaporudi watupu. Gudmund ndiye diwani. Anajivuta kitini, anakunja midomo, anatoa sauti ya puani ambayo hakuna diwani yeyote anayo.

"Na kivuko kikikosekana, mama, utafanyaje?"

Oddlaug anaweka kikombe chini. Anavuta pumzi.

"Nita..." anasema, anakomea hapo.

"Mama, baraza linasubiri."

"Nyamaza basi. Uliza tena."

Anauliza tena. Oddlaug anafungua mdomo na neno linalotoka ni lile lile, nusu yake. Mara ya tatu halitoki hata hilo.  Mwanamke huyu amewahi kumvuta mtu mzima kutoka majini kwa kola ya koti, peke yake, na hawezi kutamka neno moja mbele ya shemeji yake kwenye chumba kitupu. Inasikitisha kumtazama, na yeye anajua kwamba anatazamwa.

Gudmund anaacha sauti ya udiwani.

"Asubuhi ile nilimwambia asubiri," anasema. "Aliposema itakwenda tu, nikamwacha. Ningemshika mkono. Lakini ningekuwa mimi ningesema vile vile, kwa hiyo nikamwacha aende."

Hajawahi kusema hivyo kwa miaka yote tisa. Oddlaug anamtazama kisogo, kwa sababu Gudmund hageuki. Halafu anachukua vikombe akavioshe, ingawa chake bado kimejaa.

Nje kumeanza kupambazuka, kwa mwanga hafifu wa Desemba. Gatini Rossøya, Oddlaug anabandika tangazo kwenye kibanda cha kusubiria. Linasema Jumanne safari ya mchana haitakuwapo, kwa kuwa wafanyakazi wa kivuko watakuwa barazani kukitetea. Anarudi nyuma hatua moja, anasoma alichoandika, anakandamiza pembe iliyoinuka.

Kabla ya safari ya mchana anafika mzee Asbjørn Kleppe. Huyu hana kazi Vikane, lakini hakuna anayevuka kwa uaminifu kama yeye. Mkewe, Gjertrud, yuko kwenye nyumba ya wazee ng'ambo. Hamkumbuki mtu, hakumbuki jina lake mwenyewe, na hali chakula cha mchana mpaka Asbjørn amlishe. Wauguzi wamejaribu, anafumba mdomo. Kwa hiyo mzee anavuka kila mchana, shati limepigwa pasi, na kijiko kimefungwa kwenye leso, kwa sababu Gjertrud anataka kijiko cha nyumbani.

Anasimama mbele ya tangazo, anapandisha miwani, anasoma polepole.

"Usijali, Oddlaug," anasema. "Jumanne tutamudu."

Oddlaug ameinama anamwaga chumvi. Mkono wake unasimama hewani.

"Usiseme hivyo tena, mwalimu."

Mzee anamgeukia. Pengine hajasikia vizuri. Hakuna mtu aliyesoma kwake aliyewahi kumwambia asiseme jambo.

"Ni siku moja tu," anasema Asbjørn. "Nitamwambia Gudmund anivushe asubuhi, nimngoje Gjertrud mpaka mchana..."

"Sisemi Jumanne. Nasema Januari." Anainuka, anafuta mikono. Sauti imeanza kumtetemeka na safari hii hapigani nayo. "Januari kivuko hakipo. Mwalimu una mashua?"

"Niliiuza."

"Unaweza kuzunguka? Feri, halafu basi, halafu kupanda kile kilima na magoti hayo, kila siku?"

 Asbjørn anaangalia maji kati ya gati na kivuko, ambako kipande cha barafu kinagonga mbao na kurudi, kinagonga na kurudi. Mkono wake unapapasa mfuko wa koti, pale kilipo kijiko.

"Nakuuliza mimi, si diwani," anasema Oddlaug. "Utafikaje kwa mama Gjertrud?"

 Juu, kwenye chumba cha usukani, Gudmund amefungua dirisha na saa ya kuondoka imeshapita, lakini hapigi honi.

"Sitafika," anasema Asbjørn.

Analisema taratibu, kama mtoto anayesoma neno kwa mara ya kwanza, kisha anavua miwani, kwa maana haoni tena.

Oddlaug anaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Na yeye anafungua mdomo, na hapo gatini, mbele ya mzee mmoja na tangazo lililoinuka pembe, neno linatoka.

"Na mimi siwezi," anasema. "Siwezi kumzika mwingine."

Mpango wao ni huu. Jumanne watavuka na safari ya asubuhi, watatu. Asbjørn atamlisha mkewe mapema, kama atakubali kula mapema, kisha watapanda ngazi za baraza pamoja. Watu wengine wa kisiwa wamealikwa kwa tangazo jipya ambalo Oddlaug ataliandika jioni, na hajui kama watakuja. Ragnfrid ataambiwa leo, akitoka zamu. Mama yake amesema atamngoja gatini hata kama baridi itakuwa ya kuua, na hatasema habari ya mtoto wala ya zamu.

Madiwani huenda wasibadilike. Bajeti imeshaandikwa, na kisiwa cha jirani kilipata kwa kulia mapema. Oddlaug anayajua yote hayo.

"Mwalimu, kule barazani utasema vile ulivyosema hapa?" anauliza.

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa nishike mkono, nitasema mimi. Nikishindwa mimi, sema wewe."

Anamnyooshea mkono. Daraja bado lina barafu upande wa chini, chumvi haijafika kote. Mzee Asbjørn, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akipanda akishika chuma, anaushika mkono huo, anauegemea kwa uzito wake wote, na anapanda.